Bei ya Kidonge Kimoja

Ofisini walimwita Kasuku, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake, kwa sababu hili alilipata kwa jasho. Kazi yao ilikuwa kupokea simu za watu wanaotafuta dawa za bei nafuu. Unapiga namba ya bure, unataja dawa uliyoandikiwa na daktari, unaambiwa ni duka gani mjini linaiuza rahisi kuliko mengine. Wenzake walitazama orodha kwenye kompyuta kabla ya kujibu. Kasuku hakutazama. Yeye ndiye aliyepigia maduka arobaini na moja kila asubuhi kuuliza bei za siku, na bei akishaisikia haimtoki. Mpigaji alikuwa hajafunga mdomo, jibu limeshatoka.

Msimamizi alimsifu mbele ya wageni. Sifa huvimbisha kichwa, na kichwa kikishavimba masikio huziba. Hilo Kasuku alikuja kulijua Alhamisi moja, saa tisa alasiri, alipopigia duka la dawa la mtaa wa zimamoto kuhakikisha bei mbili tatu.

"Ile ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu tano, ifute," muuzaji alimwambia. "Imekwisha. Bibi mmoja wa kwenu alibeba pakiti zote Jumatatu."

"Wa kwetu?"

"Alikuja na karatasi yenu. Bibi mcheshi kweli, alinivunja mbavu. Akasema sasa atakunywa vitatu vyake kila jioni kama tajiri."

Huduma haikuwa na karatasi yoyote. Wapigaji waliandika wenyewe walichoambiwa, nyuma ya risiti, pembeni mwa gazeti, popote. Lakini madukani vikaratasi hivyo viliitwa karatasi za bei, na wauzaji wengine walivipokea kama vile vimetoka kwa daktari. Ofisi ilijua, ikajifanya haijui.

"Vitatu," alisema Kasuku. "Vitatu vya miligramu tano?"

"Karatasi iliandikwa tano, dada. Nikamwuliza cheti cha daktari, akasema kilishachakaa, yeye na dawa hii ni mwaka wa nane. Nikadhani..."

Kasuku hakumngoja amalize alichodhani. Tatu mara tano ni kumi na tano. Hakusomea udaktari, lakini miaka mitatu kwenye simu ile ilimfundisha nani huandikiwa nini, na hakuwahi kumsikia mtu wa kumi na tano. Dawa ile hufanya damu isigande. Ikizidi, damu hujitafutia njia yenyewe: puani, kwenye fizi, tumboni, kichwani. Alikuwa ameanza kumkumbuka bibi.

Simu zao zilirekodiwa na kuhifadhiwa wiki moja, sauti tu, bila namba wala jina la mpigaji. Ndilo lilikuwa sharti la huduma tangu ianzishwe, maana watu wana maradhi wasiyotaka majirani wayajue. Kasuku alivaa visikilizio, akatafuta Jumatatu asubuhi, akajisikia mwenyewe akicheka.

"...mjukuu wangu, hapa ninaponunua kimoja ni mia tatu arobaini na saba," bibi alikuwa anasema. "Kimoja. Nikimeza nasikia kama nimemeza kiatu."

"Pole bibi. Andika. Mtaa wa zimamoto, duka lenye mlango wa kijani. Miligramu tano. Tisini kwa kidonge."

"Tisini?"

"Tisini."

"Ngoja nikusomee, msije mkasema bibi kizee kachanganyikiwa. Zimamoto, mlango wa kijani, miligramu tano, tisini."

"Sawa kabisa, bibi."

"Na vyangu ni vya kahawia. Hivyo navyo ni vya kahawia?"

"Rangi isikutishe. Kampuni ni nyingine, dawa ni ile ile."

"Basi Mungu akuweke. Nitakuwa nakuombea saa moja nikivimeza. Mimi humeza taarifa ya habari ikianza, ili nikifa nife nikiwa najua mambo."

Kicheko cha wawili, kisha simu ikakatwa.

Kasuku alivua visikilizio. Swali la kwanza kabisa, lile wanalofundishwa siku ya kwanza kazini, ni miligramu ngapi. Hakuliuliza. Alisikia jina la dawa, kichwa kikatema bei ya chini kuliko zote, na bei hiyo ilikuwa ya vidonge vya tano. Bibi wa watu akamsomea kosa lake neno kwa neno, yeye akaligonga muhuri. Na ile habari ya rangi waliisema mara hamsini kwa siku, kuwatuliza watu, kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Safari hii rangi ilikuwa onyo, na yeye ndiye aliyemwambia bibi asiliogope. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na hao hata simu hawakuwa nayo.

Alikwenda kwa msimamizi na kumweleza yote akiwa amesimama. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na uoga wake alikuwa akiuita utaratibu. Aliinuka akafunga mlango.

"Sisi ni bei, si dawa," alisema. "Mwandiko ni wake. Duka ndilo lililouza."

"Saa moja atakunywa tena, mkuu."

"Hatumjui ni nani. Hatuna namba wala jina. Kesho asubuhi nitaandika barua kwa wizara, watatoa tangazo." Alivua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. "Unajua wenye maduka wanavyotaka tufungwe. Ukienda kwake umeshakiri, na si wewe peke yako. Hapa tuko tisa, dada. Tisa na watoto wetu."

Kasuku alirudi kwenye kiti chake akakaa. Ni kweli, hawakumjua. Mji ule ulikuwa na mabibi wangapi? Angepita nyumba ipi, aulize nini? Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasorobo. Aliogopa mambo mawili kwa pamoja, na lililomtia aibu ni kwamba hakujua ni lipi aliliogopa zaidi: kumkosa bibi yule, au kumpata. Akilini aliuona mlango, akajiona anabisha, na ndani kimya. Aliwaza pia kodi ya nyumba na ada ya shule ya mwanawe. Akaichukia nafsi yake kwa kuviwaza hivyo wakati damu ya mtu ilikuwa inakimbia huko isikojulikana.

Ndipo kichwa chake, ambacho hakijui kunyamaza, kikarudia chenyewe: mia tatu arobaini na saba.

Hakuna duka lingine mjini lenye bei hiyo. Wengine walikuwa mia mbili na kitu, mmoja mia tatu kamili. Mia tatu arobaini na saba, kidonge cha miligramu moja, cha kahawia, ni Mzee Ghali peke yake.

Mzee Ghali alikuwa mfamasia wa duka la zamani mkabala na posta, na jina hilo walimpa wao pale ofisini kwa kuwa katika kila dawa yeye ndiye aliyekuwa chini kabisa ya orodha. Aliichukia huduma yao kama ugonjwa. Kila asubuhi Kasuku alipompigia, alijibu, "Andikeni ghali," akataja bei akinguruma, akakata. Kumpigia sasa ilikuwa kazi bure. Kasuku alichukua mkoba, akapita mbele ya mlango wa msimamizi bila kuaga. Msimamizi alimwona kupitia kioo, akainamisha macho kwenye karatasi zake.

Teksi ilimfikisha posta saa kumi na nusu. Duka lilikuwa jembamba, lina droo za mbao hadi darini, na watu watano wamepanga foleni. Mzee Ghali alikuwa anahesabu vidonge kwa kisu butu juu ya sahani, viwili viwili, akivitia kwenye bahasha ndogo. Juu ya kila bahasha alichora kwa kalamu: jua kwa dawa ya asubuhi, mwezi kwa ya jioni, na viduara vya idadi. Kasuku hakuwahi kuliona duka hili kwa macho. Alilijua kwa bei tu.

"Shikamoo mzee. Mimi natoka kwenye huduma ya bei."

"Marahaba. Bei ni ile ile ya asubuhi. Toka kwenye foleni ya wagonjwa."

"Nimemkosea mteja wako, mzee. Bibi anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge vitatu vya moja, saa moja jioni. Mcheshi. Nilimpeleka akanunua vya tano. Tangu Jumatatu anakunywa vitatu."

Kisu kilisimama juu ya sahani. Watu wa foleni waligeuka. Mzee Ghali alimtazama muda ambao kwa Kasuku ulikuwa mrefu kuliko safari yote ile.

"Jumatatu ndiyo siku yake," alisema hatimaye, polepole. "Hakutokea. Miaka minane hajakosa, na mvua ikinyesha nampelekea mwenyewe. Nikajua tu, ameniacha kwa ajili yenu. Nikanuna." Alivua koti jeupe. "Siku nne nimekaa hapa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari."

Aliwaambia wa foleni wamsamehe, akavuta mlango wa chuma huku wawili wakiwa bado wanalalamika.

Walichukua teksi. Barabara ilikuwa imejaa magari ya watu wanaotoka kazini, na mbele kidogo lori lilikuwa limeziba njia moja. Kasuku alitazama saa ya dereva, akatazama pembeni, akatazama tena. Saa kumi na moja na dakika hamsini. Saa kumi na mbili na robo.

"Anaweza kuwa ame..." alianza.

"Anaweza," alisema Mzee Ghali. "Kuna wanaoanza na fizi. Kuna anayejikwaa kidogo tu, akagonga kichwa, akalala asiamke." Kisha, labda kwa kumwona alivyo, akaongeza, "Na kuna wanaokaa wiki nzima. Mwili wa mtu una siri zake."

Walishuka mtaa wa pili na kwenda kwa miguu. Mzee Ghali alitembea upesi kuliko umri wake. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja yenye ngazi za nje, na chumba cha bibi kilikuwa juu, mwisho wa baraza, pazia la bluu dirishani. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Ndani redio ilikuwa inapiga muziki.

Mzee Ghali alibisha. "Hodi. Mama, ni mimi wa dukani."

Muziki tu.

Alibisha tena kwa kiganja. Kasuku alishika ukingo wa baraza. Huu ndio ule mlango aliouona akiwa kitini kwake, na nyuma ya muziki kimya kilikuwa kile kile. Alitamani kukimbia. Nalisema hili waziwazi, kwa kuwa baadaye watu walimwita shujaa, na yeye hakupenda: alitamani kukimbia, na kama si kwamba mzee yule alisimama kati yake na ngazi, huenda angekimbia.

Komeo likasogea.

Bibi alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alishika leso puani, na leso ilikuwa na doa jekundu. Mikono yake kuanzia kiwiko ilikuwa na mabaka ya zambarau, makubwa kama viganja.

"Daktari," alisema kwa aibu ya mtu aliyekutwa dukani kwa jirani. "Umekuja kunisuta. Haya, ingia unisute ukiwa umekaa. Samahani kwa leso, pua hii tangu jana inajifanya bomba la maji. Na huu mlango unanigonga kila nikipita, tazama mikono."

Juu ya meza, karibu na redio, kulikuwa na glasi ya maji na kisahani. Kwenye kisahani, vidonge vitatu vya rangi ya waridi.

Kasuku alikwenda moja kwa moja akakitwaa kisahani, akakikumbatia kifuani.

"Huyu naye ni nani, mbona ananinyang'anya dawa?"

"Mama," alisema Mzee Ghali, "umekunywa vingapi tangu Jumatatu?"

"Vitatu kila jioni, kama nilivyoandikiwa." Bibi alinyoosha mgongo, na uso wake ukachangamka. "Nikwambie ukweli, Daktari, maana umri huu si wa kuogopa kusutwa. Tangu bei ipande mwaka juzi nilikuwa nameza kimoja. Sikukuu viwili. Nikikudanganya vingine napata hospitali. Wiki hii ndiyo ya kwanza nimekunywa vyote vitatu, nikajiona mtu mwenye afya zake."

Mzee Ghali aliketi kitandani bila kukaribishwa. Vidonge thelathini kwa mwezi, miezi yote hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akivihesabu kwa kisu chake na kumchorea mwezi na viduara vitatu juu ya bahasha.

"Twende hospitali, bibi," alisema Kasuku. "Sasa hivi. Tafadhali."

Bibi aligeuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Sauti hii naijua," alisema.

Redioni taarifa ya habari ilianza.

Hospitali walimpokea haraka, kwa kuwa Mzee Ghali alijua la kusema na alilisema kwa sauti kubwa. Walimtoa damu ya kupima, na pale sindano ilipoingia, damu haikukoma mpaka muuguzi alipokandamiza pamba dakika nyingi. Daktari kijana alikuja na majibu, akasema damu imekuwa nyepesi mno. Wakamchoma sindano ya kuirudisha. Tumboni hakukuwa na dalili, kichwani pia bado, lakini asingetoka leo wala kesho. Wangempima tena kila baada ya saa sita. Alisema hayo akiwatazama kana kwamba wao ndio watoto wa bibi, na hakuna aliyemsahihisha.

Kisha muuguzi akaja na ubao wake wa fomu, akasimama kando ya kitanda.

"Nani alimwandikia miligramu tano?"

Mzee Ghali alitazama viatu vyake. Halikuwa lake kulisema, na alijua hivyo.

"Mimi mwenyewe," alisema bibi kutoka kwenye mto, kabla ya mtu yeyote. "Macho, mwanangu. Niliambiwa moja, nikaandika tano. Uzee huu." Chini ya shuka vidole vyake viligusa mkono wa Kasuku, vikaubana kidogo.

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa, na bibi ndiye aliyeushikilia. Kasuku alichohitaji kufanya ni kunyamaza. Mwandiko ni wake, msimamizi alisema. Rekodi ingefutika yenyewe Jumatatu. Watu tisa na watoto wao wangelala usingizi. Lakini mtu mwingine, kesho au keshokutwa, angepiga namba ile ile, na kichwa kingine kilichovimba kingemjibu bila kuuliza, na karatasi yake ingepokelewa dukani kama ya daktari. Mficha maradhi kilio humfichua. Hofu ya tangu saa tisa haikupungua hata chembe, na akasema nayo hivyo hivyo.

"Si kweli, dada. Bibi aliandika sawasawa alichoambiwa, akanisomea, nami nikamwambia ni sahihi. Sikumwuliza miligramu ngapi. Akaniuliza kuhusu rangi, nikamwambia asiogope. Mimi ni mpokeaji simu wa huduma ya bei za dawa."

Muuguzi aliinua macho. "Una hakika unataka niandike hivyo?"

"Andika," alisema Kasuku, akamtajia jina lake kamili.

Kalamu ilikwaruza muda. Bibi alikuwa amefumba macho, lakini mkono wake hakuuondoa. Muuguzi alipomaliza aligeuka kwenda.

"Dada," alisema Kasuku. "Samahani. Nisomee ulichoandika."

Muuguzi alisita, akarudi hatua moja, akaanza kusoma kutoka juu: jina la dawa, kipimo alichopaswa kunywa, kipimo alichokunywa, jioni ngapi, nani alimwambia. Kasuku alisikiliza kila neno, midomo ikitikisika, asiliache hata moja limpite. Lilipofika jina lake, lile la wazazi, alimwomba alisome tena.

"Sawa kabisa," alisema.